Mpaka Wawe Watano

23 Novemba

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Giorgi, na Baba mdogo Jokia ameapa mbele ya ikoni yake, ile picha takatifu ya kanisani. Bibi ameniagiza niyashike maneno ya kiapo. Kichwa changu sikiamini, kwa hiyo nayaandika hapa yote: "Mimi Jokia, hii sarafu ikipanda au ikishuka, sitaiuza mpaka ifikie thamani ya ng'ombe watano kwa bei ya hapa kijijini."

Jirani yetu Otia alikuwepo uani pa kanisa, akacheka kile kicheko chake kinacholia kama bawaba iliyokosa mafuta. Ana pua inayofika mahali kabla yake. Simpendi.

Mwalimu wa lugha anasema shajara nzuri hueleweka hata na mtu aliyeiokota njiani, kwa hiyo naeleza. Mwaka jana nusu ya maghala ya kijiji yalikuwa na mashine za kuchimba hizo sarafu za mtandaoni. Zilinguruma usiku na mchana na kula umeme wetu wote, hadi balbu ya jikoni ikawa inawaka kama kaa la moto linalozimika. Mwishowe wanaume wote waliapa mbele ya ikoni kwamba watazizima. Tangu siku hiyo hakuna aliyewasha hata moja, hata Baba mdogo, ambaye huvunja kila kitu kingine, miguu ya viti ikiwemo. Sasa, kwa kuwa kuchimba hawezi, ameamua kununua.

Fedha ametoa Bibi. Ameuza ng'ombe wetu wote watatu kwa Otia, kila mmoja lari elfu mbili, na mmojawapo ni Nikora, mwenye doa jeupe usoni, ambaye ana mimba na hulamba mkono wa Bibi kama mbwa. Nilimuuliza Bibi kwa nini.

"Nimekata nyasi miaka hamsini," akasema. "Kabla sijafa nataka nimwone mnyama anayezaa bila kula."

Kiapo pia ni wazo lake. Anamjua mwanawe. Mwaka juzi Baba mdogo alinunua farasi Jumatatu, akamuuza Alhamisi, akamnunua tena Jumapili kwa bei kubwa zaidi. Rafiki zake wa kwenye simu wamemwambia kwamba wanaopoteza ni wale wanaouza kwa woga. "Basi," Bibi akasema, "twende kwa Mtakatifu Giorgi akufunge mikono." Wakifika watano atauza, Nikora atarudi na wengine wanne. Ndivyo walivyopatana.

24 Novemba

Nimepewa kazi. Kila asubuhi kabla ya shule nasoma bei kwenye simu ya Baba mdogo na kumwambia Bibi. Jina la hiyo sarafu ni la Kiingereza, na Baba mdogo hulitamka kila siku kwa namna nyingine. Bibi hataki kusikia lari. Anataka ng'ombe.

Kwa hiyo nimemgawa ng'ombe mmoja vipande kumi vya lari mia mbili mia mbili: kichwa kimoja, shingo moja, miguu minne, kiwiliwili vipande vitatu, mkia mmoja. Nimemchora ukurasa wa mwisho.

Leo: watatu kamili.

27 Novemba

Watatu na mguu mmoja. Bibi amefurahi kama aliyeuona huo mguu ukitembea.

1 Desemba

Watatu bila mkia.

2 Desemba

Theluji. Watatu na miguu miwili.

9 Desemba

Watatu na miguu minne. "Huyo wa nne amekwisha simama," Bibi akasema, "bado kumwekea mwili." Kutoka ng'ambo ya kijito tulimsikia Nikora akilia kwenye zizi la Otia. Bibi aliacha kukoroga sufuria hadi aliponyamaza.

15 Desemba

Mwalimu Varlami wa hisabati amenisimamisha kwenye ukumbi wa shule. Nilidhani nimekosea mtihani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza kwa sauti ya chini, "Marekhi, ile sarafu ya Jokia imeamkaje?"

Kumbe na yeye.

20 Desemba

Wanne. Kijiji kizima kinajua. Muuza duka aliniuliza kabla hata sijamsalimu. Mimi ambaye watu husahau kuwa nimo chumbani, sasa napita njiani na wanaume wanavua kofia.

Namwona Baba mdogo kuwa mtu mwenye akili sana ambaye hatukumwelewa.

7 Januari, Krismasi ya kanisa letu

Nina mengi ya kuandika na vidole vina mafuta ya mkate wa nyama.

Leo bei ilikuwa lari elfu tisa, mia nane na arobaini. Nilihesabu mara mbili. Ni ng'ombe wanne, na wa tano ana kila kitu isipokuwa mkia, tena hata mkia wenyewe umekwisha anza kuota.

Wageni walikuwa wamejaa mezani. Nilimnong'oneza Bibi, Bibi akamnong'oneza Baba mdogo, na Baba mdogo hajui kunong'ona.

"Uza," Otia akasema. "Uza sasa hivi, nami nakuletea Nikora mlangoni na utepe shingoni."

"Bado mkia," Baba mdogo akasema.

"Unaacha ng'ombe wanne kwa ajili ya mkia?"

"Niliapa watano."

"Jokia, mtu akikupa ng'ombe asiye na mkia utamkataa?"

"Kama nimeapa kwamba awe na mkia, nitamkataa."

Watu wakamgeukia Bibi. Alikuwa anakata mkate vipande vidogo vya kuwatosha kuku.

"Ni nani huyo aliyemwapisha?" Otia akauliza, na anajua vizuri sana.

"Kula," Bibi akamwambia.

Nilitaka kusema jambo lakini sikuwa na jambo la kusema. Hilo hunitokea.

9 Januari

Wanne na miguu miwili. Baba mdogo anasema ni kupumua tu, itapanda.

12 Januari

Wanne kasoro mkia. Baba mdogo amekwenda kwa Mzee Gabo, mshika funguo wa kanisa, kuomba afunguliwe kiapo. Mzee Gabo alikuwa anaondoa theluji kwenye ngazi kwa koleo na hakuacha.

"Mimi nina funguo za mlango, Jokia," alimwambia. "Za kiapo sina."

"Lakini inashuka, Mzee."

"Si ulisema ikipanda au ikishuka?"

"Nilisema."

"Basi shika koleo unisaidie."

Amerudi jioni mgongo ukimuuma.

17 Januari

Watatu.

21 Januari

Wawili na kichwa. Kundi la rafiki zake wa kwenye simu, lililokuwa na watu mia tatu, sasa lina kumi na tisa, na hao kumi na tisa wanatukanana.

26 Januari

Mmoja na nusu.

"Nusu ipi?" Bibi akauliza.

Nikasema ya mbele. Nilifikiri ya mbele ingemfariji zaidi, kwa sababu ina uso.

3 Februari

Mmoja na miguu miwili. Mwalimu Varlami haniulizi tena. Leo darasani ameandika ubaoni: *Kitu kikishuka kwa nusu, kinahitaji kupanda kwa kiasi gani ili kirudi pale pale?* Darasa zima likasema kwa pamoja, "Kwa nusu." Mimi nilijua kwamba kinahitaji kupanda hadi kiwe mara mbili ya kilipofikia, na kwamba huko ni kupanda kwa shida zaidi. Sikunyoosha mkono. Alinitazama na mimi nikatazama kiatu.

Baadaye muuza duka alisema Mwalimu ameuza zote jana, kwa hasara ya mishahara minne. Kwa siku mbili sasa nimejiuliza: Mtakatifu Giorgi amemfunga mikono Baba mdogo asiuze juu, na amemfunga mikono asiuze chini. Sijui nimshukuru au nimnunie.

10 Februari

Tarehe tatu niliandika "kwa siku mbili sasa" ilhali ilikuwa siku ile ile. Nimeacha kosa libaki.

Mmoja na miguu miwili. Baba mdogo amelitengeneza zizi, ingawa halina mtu isipokuwa ndama dume mmoja ambaye hatukumuuza na ambaye Bibi hamhesabu kamwe. Nilimuuliza kwa nini. "Mikono inataka kazi, la sivyo inafungua simu," akasema. Sasa simwoni kuwa ana akili sana. Lakini simwoni mjinga pia. Ni mtu aliyesema neno na analikalia, na kiti chenyewe kina misumari.

14 Februari

Alfajiri, kama ilivyo desturi ya siku hii, tulikwenda kanisani na mienge. Theluji ilikuwa juu ya magoti. Otia aliniwashia mwenge wangu ulipozimika, akasema, "Haya, mhasibu."

22 Februari

Mmoja na miguu minne.

1 Machi

Mmoja na kichwa na shingo na miguu minne. Imeanza kupanda. Hakuna anayejua kwa nini, kama ambavyo hakuna aliyejua kwa nini ilishuka, lakini Baba mdogo amekwisha nieleza sababu tatu.

Theluji haijali kwamba ni Machi.

8 Machi

Wawili na kichwa.

Kijijini sasa habari ni nyasi. Majira ya baridi hayataki kuondoka na maghala yamebaki na vumbi. Otia yuko vibaya kuliko wote. Vuli alinunua ng'ombe saba, watatu wakiwa wetu, juu ya wale aliokuwa nao, akitegemea malisho mapema. Leo alikuja mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Mama Tsiuri, niuzie nyasi."

"Nyasi zangu haziuzwi."

"Una ghala zima na ndama mmoja. Unamwekea nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe wako kwangu, Mama."

"Ndiyo hao hao ninaowawekea," Bibi akasema, na akafunga mlango taratibu, kwa adabu.

12 Machi

Leo nimemfumania Bibi. Niliamka mapema kusoma, nikaona kupitia dirishani mtu mfupi akivuka daraja la kijito na mzigo wa nyasi mgongoni. Nilidhani mwizi. Mwizi angekuwa na kasi zaidi.

Nilimfuata. Zizi la Otia lilikuwa limeachwa wazi, na Otia mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ndoo, amegeuza uso ukutani kama mtoto anayecheza kujificha. Bibi akaingia, akamlisha Nikora, akamkuna, akatoka.

Bibi alipovuka daraja, Otia akaniona nimesimama.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Na wewe hujaona kitu. Kila siku sioni kitu, tangu Krismasi." Kisha akamega kipande cha mkate wake, kile cha kifungua kinywa, akampa Nikora nusu.

Wale wengine walikuwa na mbavu za kuhesabika. Nikora hakuwa nazo.

15 Machi

Wawili na miguu minne. Chichiko wa upande wa juu wa kijiji ameuza ng'ombe kwa lari elfu moja na mia nne kwa sababu hana cha kumlisha. Nilisikia, na nikapita.

Nilisikia, na nikapita. Ndivyo mtu anavyoweza kuwa wa kwanza darasani na bado awe mjinga (mstari huu nimeuongeza tarehe 21).

21 Machi

Leo nitaandika hadi penseli iishe.

Ni Jumamosi. Asubuhi bei ilikuwa lari elfu sita, mia tano na arobaini. Nilikaa jikoni kugawanya kwa elfu mbili kama kawaida, na nikapata watatu na miguu miwili na kidogo. Kabla sijamwambia Bibi, Otia akaingia. Hakuomba nyasi.

"Mama Tsiuri, kama hutaki kuniuzia, ninunulie. Mchukue hata mmoja. Elfu moja na mia tatu, yeyote umtakaye. Sitaki wanifie."

Nilikuwa na penseli mkononi. Nikaitazama ile mbili yenye sifuri tatu niliyoiandika kila asubuhi tangu Novemba. Nikaikata. Nikaandika elfu moja na mia tatu. Nikagawanya. Nikarudia, kwa sababu jibu lilinitisha. Nikarudia tena.

Walikuwa wanaongea na mimi nilikuwa nataka kuongea. Nikamvuta Bibi gauni.

"Nini, we mtoto?"

Nikamnong'oneza.

"Sema kwa sauti."

"Watano," nikasema.

"Watano nini?"

"Ng'ombe. Sarafu imefika ng'ombe watano. Sarafu haikupanda sana. Ng'ombe ndio wameshuka."

Baba mdogo alitoka chumbani na soksi moja. Alichukua lile daftari, akaligeuza, akalirudisha. "Lakini ng'ombe ni elfu mbili," akasema.

"Walikuwa," Otia akasema.

"Kiapo kilisema elfu mbili?"

"Hakikusema lari hata moja," nikasema. "Nimekiandika."

Bibi alikuwa amekwisha vaa viatu.

Tulimkuta Mzee Gabo uani pa kanisa, na koleo lake. Baba mdogo akajaribu kueleza, Otia akamkatiza akaeleza yeye, Bibi akawaeleza wote wawili wanyamaze. Simu ilikuwa mkononi mwa Baba mdogo, na namba zinabadilika huku tunazitazama. Elfu sita, mia tano na ishirini. Mia tano na tano.

"Mnataka kumdanganya Mtakatifu Giorgi?" Mzee Gabo akauliza.

"Tunataka kujua kama tutakuwa tumemdanganya," Bibi akasema.

"Kiapo kilisemaje, neno kwa neno?"

Hakuna aliyekumbuka kwa hakika. Baba mdogo alisema "ng'ombe watano." Otia alisema "pesa za ng'ombe watano." Kisha Bibi akaninyooshea kidole, nikalitoa daftari hili ndani ya koti.

Nikasoma: "Mimi Jokia, hii sarafu ikipanda au ikishuka, sitaiuza mpaka ifikie thamani ya ng'ombe watano kwa bei ya hapa kijijini."

"Endelea," Mzee Gabo akasema.

"Kiapo kimeishia hapo, Mzee."

"Nataka nijue kama kiliandikwa siku ile ile au umekitunga jana. Soma kinachofuata."

Nikamtazama Bibi. Bibi hakunisaidia. Nikasoma kwamba jirani yetu Otia alikuwepo, kwamba kicheko chake kinalia kama bawaba iliyokosa mafuta, kwamba pua yake hufika mahali kabla yake, na kwamba simpendi. Nilisoma hadi kituo. Masikio yangu yangeweza kuyeyusha theluji ya bonde zima.

Kisha uani pa kanisa pakasikika bawaba. Otia alicheka hadi akashika ukuta.

"Ya siku ile ile," akasema akijifuta macho. "Mzee Gabo, hii haikutungwa. Pua naijua, ni yangu."

Mzee Gabo akaegemea koleo. Alifikiri kwa muda mrefu sana kwa mtu asiyejua kwamba bei inashuka, au kwa mtu anayejua. "Ulisema kwa bei ya hapa kijijini," akamwambia Baba mdogo. "Bei ya hapa kijijini leo ni ipi?"

"Elfu moja na mia tatu," Otia akasema.

"Basi watano ni elfu sita na mia tano. Jokia, una ngapi?"

Baba mdogo akatazama simu. Akatugeuzia tuione. Elfu sita, mia nne na hamsini.

Mkia tena, na safari hii hata nusu ya mkia haifiki. Nilimwona Bibi akifumba macho. Kutoka ng'ambo ya kijito, sikusudii kuongeza chumvi, Nikora akalia.

"Elfu moja, mia mbili na tisini," Otia akasema.

"Nini?"

"Bei ya ng'ombe wangu. Imeshuka. Za Jokia zinashuka kila dakika, zangu haziruhusiwi?"

Nilizidisha kichwani. Mara tano, elfu sita, mia nne na hamsini. Kamili. Nikasema kwa sauti bila mtu kunivuta, "Watano."

Sote tukamgeukia Mzee Gabo.

"Bei ya ng'ombe huipanga mwenye ng'ombe," akasema. "Bonyeza, mwanangu, kabla sijafikiri tena."

Baba mdogo akabonyeza.

Mchana tulivuka daraja kuwachukua. Bibi alimchagua Nikora kwanza, kisha wale wawili wetu wa zamani, kisha wawili waliokonda kuliko wote, ingawa Otia alimwonyesha wenye afya. Ghala lilipofunguliwa na ile harufu ya nyasi za Julai ikatoka, wote watano waliingiza vichwa kwa pamoja na hatukuweza kufunga mlango. Otia alikuwa anatazama kwa mbali.

"Njoo na mkokoteni," Bibi akamwambia. "Uchukue za hao waliobaki kwako."

"Bei gani, Mama?"

"Nimekwambia tangu zamani, haziuzwi."

22 Machi

Watano.

23 Machi

Watano. Ile sarafu imeanguka hadi lari elfu nne. Baba mdogo amecheza ngoma zizini, na ndama amemkanyaga.

30 Machi

Watano. Ile sarafu imepanda hadi lari elfu tisa. Baba mdogo amekaa ukutani tangu asubuhi na hataki chakula. Nilikwenda kukaa naye. Nilimwambia sikuwa nimegundua lolote kuhusu sarafu, nilichogundua ni kuhusu nyasi, na hata hizo nyasi zilikuwa bahati. Theluji ingeyeyuka mapema, leo tungekuwa na ndama na namba.

"Najua," akasema. Baadaye akasema, "Kuna farasi anauzwa mjini Mestia."

"Nimwite Bibi?"

"Usimwite."

2 Aprili

Mwalimu Varlami ameandika swali lile lile ubaoni, nadhani amesahau kwamba aliliandika. Nimenyoosha mkono. Nilijibu, na sauti ilitoka nzito kidogo lakini ilitoka. Alisema, "Sawa kabisa, Marekhi, mimi nilichelewa kulijua." Kisha akafuta ubao, ingawa wengine walikuwa hawajanakili.

Bibi amempelekea jibini.

11 Aprili

Theluji imeondoka upande wa jua. Niliamka nikakuta hakuna mtu jikoni, na mlango wa zizi uko wazi. Bibi alikuwa ameketi kwenye majani, mikono imelowa hadi viwiko, na Nikora alikuwa analamba kitu chenye doa jeupe usoni. Baba mdogo alikuwa ameshika taa ingawa kumekwisha kucha. Otia alikuwa mlangoni na kipande cha mkate.

Bibi hakugeuka. Ni mazoea tu yaliyomuulizia.

"Wangapi leo?"

Niliwahesabu mmoja mmoja, kwa kidole.

"Sita."

"Na mkia?"

Nikainama nikatazama.

"Na mkia, Bibi."